Diski Iliyopona

Injinia aliposoma kwamba diski ya mke wake ingeweza kufa wakati wowote, alifurahi. Ni aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tangu ofisi impunguze kazini, hakuna kitu kilichoharibika nyumbani mle ambacho kilimhitaji yeye. Bomba lilipovuja, mkewe alilifunga kwa kipande cha mpira. Kitasa kilipolegea, binti alikikaza kwa kisu cha mezani. Sasa kimepatikana kitu kinachotaka mtu anayejua kompyuta, naye akakaa wima kitini, akaisoma habari ile tena kwa sauti ili wote wasikie.

Hakuwa injinia. Alikuwa fundi wa kompyuta ofisini, yule anayeitwa printa ikigoma. Jina alibandikwa na watu wa mtaa enzi za kurudi nyumbani na kitambulisho kimening'inia shingoni, naye hakulikataa. Kazi ilipokwisha jina lilibaki, ila wanaolitamka siku hizi walikuwa na namna yao ya kutazamana kwanza.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Diski za aina fulani, hizi za kisasa zinazoitwa SSD, zisizo na kisahani kinachozunguka ndani, zilikuwa zimetoka kiwandani na kasoro. Kasoro haikuwa kwenye chuma. Ilikuwa kwenye firmware, yaani ile programu ndogo inayoishi ndani ya diski yenyewe na kuiongoza kazi yake. Watu walikuwa wakiamka, wanawasha mashine, wanakuta diski imekata roho kimya kimya na kila kilichokuwamo kimekwenda nayo. Watengenezaji walikuwa wametoa programu mpya ya kuziba kasoro hiyo, na kila mwenye diski alishauriwa aipakie mapema. Diski iliyokuwa kwenye kompyuta ya mkewe ilikuwa ya aina hiyo hiyo. Aliijua vizuri, maana aliifunga kwa mikono yake.

Mkewe alikuwa fundi wa tarizi. Alitarizi nembo kwenye sweta za shule, na kila nembo aliichora kwanza kwenye kompyuta, uzi kwa uzi: sindano iingie wapi, ielekee wapi, rangi ipi itangulie ili kitambaa kisijikunje. Kisha mchoro ule ulihamishiwa kwenye mashine ya kutarizi, na mashine ikaufuata. Ukiwa na mchoro, mashine ni mkono wako wa pili. Usipokuwa nao, umeweka chuma sebuleni.

Na wakati huo kulikuwa na mchoro mmoja uliobeba nyumba nzima. Ulikuwa wa ndege aliyekunjua mabawa juu ya kitabu, nembo ya shule aliyosoma binti yao. Binti alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Mama yake alikwenda kwa mwalimu mkuu, akakaa kwenye benchi pamoja na wazazi wengine wenye nyuso kama yake, na zamu yake ilipofika hakuomba huruma. Aliomba kazi. Wakakubaliana kwamba atarizi sweta zote za wanafunzi wapya, na binti arudi darasani shule itakapofunguliwa, ada ya mwaka ikiwa imefutwa. Alichora manyoya ya ndege yule mpaka macho yakamwasha. Bodi ya shule ilipopitisha sampuli, alitoka pale akitembea haraka kama mtu anayeogopa kuitwa nyuma.

Ndiyo maana mumewe aliposema diski inaweza kufa, yeye hakufurahi hata kidogo.

"Itakufa lini?" akauliza.

"Inaweza kufa leo, inaweza kufa mwakani. Hakuna anayejua. Lakini usiwe na wasiwasi, hii ni kazi yangu."

Binti aliinua macho kutoka kwenye nyuzi alizokuwa akizipanga kwa rangi, akamtazama baba yake, akayarudisha.

Haikuwa kazi nyepesi kama alivyoitangaza. Programu ya watengenezaji ilitaka Windows, na kompyuta ya mkewe ilitumia Linux. Mwenye kuiweka Linux alikuwa yeye mwenyewe, siku walipokosa pesa ya kulipia leseni, na alimhutubia mkewe jioni nzima kwamba watu wenye akili duniani hawalipii mfumo wa kompyuta. Mkewe aliuzoea, akaupenda hata. Sasa Injinia akaandika amri ya kutafuta sasisho kwa njia ya Linux yenyewe, na mfumo ukamjibu kwa adabu kwamba kwa diski hiyo hauna lolote. Akaandika tena, kwa herufi zilezile. Jibu halikubadilika.

Ilibaki njia ya tatu, ya kuiweka programu ile kwenye flashi na kuiwasha kompyuta kutoka humo, bila Windows wala Linux. Flashi ilikuwa moja nyumbani, ile iliyochomekwa kwenye mashine ya kutarizi.

"Humo mna nakala za michoro yangu," mkewe alisema.

"Na asili yake si iko kwenye kompyuta? Nikimaliza nakurudishia zote."

"Kwa nini tusizihamishie mahali kwanza? Pale kwenye duka la kopi watatukubalia. Tuwaombe watuwekee kwa siku moja tu."

Injinia alicheka kicheko kifupi. Akamwuliza kama kweli anataka mumewe, na kazi aliyoifanya miaka yote ile, akapange foleni pamoja na watoto wanaotoa kopi za mitihani, aombe nafasi ya kuhifadhi mafaili. Mkewe angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba yeye alikaa kwenye benchi la mwalimu mkuu na hakupungukiwa na kitu. Lakini alimwona mumewe jinsi alivyochangamka, jinsi alivyonyoa ndevu asubuhi ile bila kuambiwa, na roho ikamlainika. Akaichomoa flashi, akampa.

Flashi ilifutwa, programu ikaingia. Kompyuta ikawashwa kutoka humo, ikafikiri, ikaandika kwamba haioni diski yoyote ya kusasisha. Injinia alibadilisha mpangilio huu, akabadilisha ule, akaizima na kuiwasha mpaka mkewe akaanza kusikia vibaya kila ilipolia mlio wake wa kuanza. Mwishowe akasema tatizo ni mashine, si yeye. Angeichomoa diski na kuipeleka ofisini kwake kulikokuwa na Windows ya uhakika. Alisema "ofisini kwangu," na hakuna aliyemsahihisha.

*

Mlinzi wa ofisi ile zamani alimpigia saluti ya utani. Safari hii alimtazama mfuko, akamtazama usoni, akamkabidhi kadi ya kuvaa iliyoandikwa MGENI. Injinia aliivaa ikiwa imegeuka nyuma.

Aliyempokea ni kijana ambaye Injinia mwenyewe alimfundisha kazi, na sasa ndiye aliyekalia kiti chake. Tumwite Mrithi. Alikuwa mtu wa heshima, na heshima yake ndiyo iliyomchoma Injinia kuliko dharau. Aliondoka kwenye kiti, akamkaribisha "mkuu" akae, na Injinia alipokaa akagundua kwamba kiti kimeshushwa. Alikaa hivyo hivyo, magoti yamepanda juu, akaona si vizuri kukirekebisha kiti cha mtu.

Walianza kwa kuiunganisha diski kwa waya wa nje. Programu ya sasisho ikakataa, ikasema kwa njia hiyo haiwezi kuifikia firmware. Basi Mrithi akafungua kompyuta ya ofisi, wakaichomeka diski ndani kabisa, wakawasha. Ikaonekana. Injinia alijisikia kama mtu aliyerudi kwao.

"Niachie hapa," akasema. "Hii nitaimaliza mwenyewe."

Wakati huohuo mhasibu mkuu alipita na kikombe chake. Alisimama, akashangaa kwa sauti ya kusikika chumba kizima.

"Huyu si tulishamuaga? Au keki haikukutosha?"

Watu walicheka, wala si kwa ubaya. Injinia naye akacheka. Mhasibu akaendelea kusema kwamba maadamu amekuja, printa yake inatafuna karatasi tangu juzi na hawa wa siku hizi hawaiwezi, basi akimaliza mambo yake apite aitazame. Mrithi alishtuka kwa aibu, akasema ataishughulikia yeye sasa hivi, akamfuata mhasibu.

Injinia akabaki na skrini. Masikio yake yalikuwa ya moto. Kwa nyuma alisikia mtu akiuliza ni nani yule, na mwingine akijibu kwamba alikuwa fundi hapa zamani. Alitaka aonekane anafanya kazi, mikono ikienda kasi kama ilivyokwenda siku zile. Akabofya diski ile ili aitazame. Kidirisha kikafunguka, kikasema diski hii lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, je, unataka kuifomati?

Kwa miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile, kila diski mpya iliyochomekwa pale iliuliza swali hilo, na jibu lilikuwa moja. Kidole kilijua. Alibonyeza Ndiyo, na kilipouliza tena kama ana hakika, akabonyeza tena, huku shingo imegeuka nusu kusikiliza wanasemaje.

Alijua hata kabla hajarudisha macho. Windows haiusomi mpangilio wa Linux. Ikiikuta diski iliyopangwa na Linux, haisemi humu mna vitu nisivyovielewa. Inasema humu hamna kitu. Jambo hilo alilifahamu vizuri na aliwahi kumfundisha Mrithi, pengine akiwa amekalia kiti hikihiki kabla hakijashushwa. Na sasa diski ilikuwa mbele yake, imefomatiwa, yaani imefutwa yote, nyeupe, nafasi yote tupu. Ingekuwa diski ya zamani yenye kisahani, angepata mtu wa kufukua yaliyofutwa. Hizi za kisasa ukiziambia futa, zinasafisha zenyewe mara moja mpaka kwenye pembe. Ndege, kitabu, na nembo za shule zote alizowahi kushonea mkewe, vyote vilikuwa vimekwenda, na nakala za kwenye flashi alikuwa amezifuta mwenyewe na hajazirudisha.

Mrithi aliporudi, Injinia alikuwa ameshaianzisha programu ya sasisho. Hakujua afanye nini kingine. Mstari wa kijani ulisogea polepole mpaka ukafika mwisho, na maandishi yakatokea kwamba sasisho limekamilika na diski ni salama.

"Hongera, mkuu," Mrithi alisema, na alimaanisha. "Ujuzi haujakutoka."

Injinia alishukuru. Aliifunga diski kwenye kitambaa, akatoka, akasahau skrubu zake mezani.

*

Njiani alijiambia atasema ukweli. Alipofika mlangoni alijiambia atausema baada ya kunywa maji. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya chumba, akiyasoma macho yake.

"Imekufa," Injinia akasema. "Nilijaribu kuiwahi, lakini haikusubiri. Imekufa mikononi mwangu, kama walivyoandika."

Mke alikaa chini. Binti aliziacha nyuzi. Kisha mama yule akafanya jambo ambalo mumewe hakulitegemea, na ambalo lilimuumiza kuliko tusi. Alimpa pole. Alisema amejitahidi, amehangaika nayo kadiri alivyoweza, na kwamba kama si yeye wasingejua hata iliuawa na nini. Akaipokea diski, akaiweka kwenye kabati pamoja na mkasi wake mzuri.

Siku zilizofuata alikwenda kwenye duka la kopi, lile lile ambalo mumewe alilionea aibu, akaomba nafasi. Walimpa kona nyuma ya friji ya soda. Akaanza kumchora ndege upya, watu wakipita juu ya bega lake, wanafunzi wakiuliza kama anacheza gemu. Shule ilimkopesha sampuli ili ainakili. Lakini mchoro hauonekani kwenye sweta. Kinachoonekana ni uzi uliokwisha kulala. Bawa lilijikunja. Alilirekebisha, likajikunja kwingine. Alipopeleka sampuli mpya, mwalimu mkuu aliigeuza geuza, akamwambia kwa upole kwamba bodi ilipitisha ndege, na huyu anafanana na kuku aliyelowa. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Kazi ikapewa duka kubwa la mjini.

Asubuhi shule ilipofunguliwa, binti alifagia uwanja. Wenzake walipita pamoja na wanafunzi wapya wenye sweta mpya, naye aliendelea kufagia palepale pasafi mpaka walipopotea kwenye kona. Baba yake alimwona kupitia dirishani. Alitamani aende akamwambie kitu, akaenda kulala.

Na kama vile haitoshi, mambo yakaanza kumnyookea. Mkewe alikuwa amewasimulia watu msiba wa diski, kwa nia njema, ili wasimcheke mumewe. Habari ikaenea kwamba kuna ugonjwa wa diski na Injinia ndiye anayeujua. Mwenye studio ya picha alileta kompyuta yake. Karani wa kanisa akaleta yake. Walimuuliza kwa heshima kama zao nazo zina kasoro ile, naye akazisasisha, maana wao walikuwa na Windows na kazi ilikuwa ya kubonyeza tu. Walimlipa. Akaanza kuitwa Injinia bila watu kutazamana kwanza. Pesa hiyo aliileta nyumbani akaiweka mezani, na mkewe akasema Mungu ni mwema, amemfungulia mumewe mlango penye msiba. Injinia alikula siku hiyo bila kusikia ladha.

*

Mrithi alipiga hodi alasiri moja. Alikuwa amepita karibu, akakumbuka skrubu za mkuu. Alizileta kwenye bahasha, pamoja na mkate. Injinia alikuwa kwenye studio ya picha. Mama wa nyumba akamkaribisha, binti akaleta chai.

"Na ile diski inaendeleaje, shemeji?" Mrithi akauliza.

"Si mlikuwa wote? Ilikufa."

"Ilikufa baadaye?"

"Ilikufa hukohuko. Alirudi nayo maiti."

Mrithi alitabasamu, akidhani anataniwa. "Hapana, shemeji. Sasisho liliingia vizuri kabisa. Mimi mwenyewe nilisoma, iliandika imekamilika, diski ni salama. Ilikuwa nzima kuliko ilivyokuja." Akatazama nyuso mbili zilizokuwa mbele yake, tabasamu likamtoka. Akakumbuka kitu. "Ilikuwa imepangwa kwa Linux?"

"Ndiyo."

Akakiweka kikombe chini. Alisema yeye wakati ule alikwenda kwenye printa, hakuona kila kitu, pengine kuna jambo asilolielewa. Kadiri alivyozidi kumtetea mkuu wake, ndivyo mambo yalivyozidi kuwa wazi. Mwishowe aliaga akiacha chai nusu.

Injinia aliporudi alikuta bahasha ya skrubu juu ya meza, na diski imetolewa kwenye kitambaa. Hakuhitaji kuambiwa nani alikuja. Alisimama palepale mlangoni na mfuko wa vifaa begani.

"Haikufa," mkewe alisema.

"Haikufa."

"Nimekupa pole mimi. Nikakutetea kwa majirani."

Alitaka kueleza. Alianza na kiti kilichoshushwa, akaja kwa mhasibu na keki yake, akafika kwenye kidirisha, na kila alivyoeleza akasikia mwenyewe jinsi maneno yalivyo madogo. Mkewe hakupandisha sauti. Alimuuliza jambo moja tu, kama siku ile alipobonyeza hakuna kitu chochote kilichomwonya. Akajibu kwamba kiliuliza mara mbili. Binti alinyanyuka akatoka nje, wakamsikia akifunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa mgonjwa. Alikuwa amempenda baba yake hata alipokuwa hana kazi, na sasa alikuwa na hasira naye kwa mara ya kwanza, hasira ya kweli, isiyo ya kitoto.

"Ifunge," mama akasema, akimsogezea diski. "Ni nzima, si ndiyo? Basi irudi kazini. Nina michoro ya kuanza."

Akaifunga. Skrubu ziliingia moja moja, zote zilikuwepo. Akawasha, akaanza kuiweka Linux upya, huku mkewe amempa mgongo akitunga uzi kwenye sindano ya mashine. Kazi ilikwenda bila tatizo. Diski ilikuwa nyepesi, ya haraka, haina kasoro, na kwa jinsi ilivyotibiwa ingeweza kuishi kuliko wote waliokuwa mle ndani. Kisha mfumo ukasimama na kuandika kwamba kila kilichomo kwenye diski hii kitafutwa, je, uendelee?

Injinia aliusogeza mkono kwenye kipanya, akauondoa. Fagio la binti lilisikika huko uwanjani, likipita tena pale alipokwisha kufagia.

"Mama," akaita kwa sauti ndogo. "Inauliza kama ifute kila kilichomo. Nibonyeze?"

Mkewe alivuta uzi mpaka ukatoka upande wa pili, akaukata kwa meno.

"Leo ndiyo unaniuliza," akasema.